Vioo vya Pembeni: Kuisoma Upya Filamu ya Nairobi Half Life

Insha hii haikukusudiwa kuwa uchambuzi kamili wa filamu. Wako wenzetu waliobobea katika taaluma ya sinema ambao wangeifanya kazi hiyo kwa ustadi unaonipita. Isitoshe, mimi ni mwalimu wa fasihi ya Kiswahili ambaye kwa muda mrefu nilishikilia kwamba sinema ni burudani ya Jumamosi jioni, si jambo la kuletwa katika ukumbi wa mihadhara. Ninachokusudia hapa ni kueleza jinsi nilivyoisoma filamu moja vibaya, jinsi mwanafunzi wangu mmoja alivyoisoma vizuri, na jinsi nilivyompunguzia alama kwa sababu hiyo. Naandika kwa kuwa naamini kosa hilo si langu peke yangu. Ni kosa ambalo mazoea yetu ya kufundisha hadithi za uhalifu yamelizaa na kulilea.

Filamu yenyewe ni Nairobi Half Life, iliyotolewa mwaka 2012 na kuongozwa na David 'Tosh' Gitonga. Ilitokana na warsha za One Fine Day Films, asasi iliyoanzishwa na mwongozaji Mjerumani Tom Tykwer pamoja na Marie Steinmann, kwa ushirikiano na kampuni ya Ginger Ink ya Nairobi. Mwaka huo huo Joseph Wairimu, aliyeigiza nafasi ya Mwas, alitunukiwa tuzo ya mwigizaji bora wa kiume katika tamasha la filamu la Durban. Filamu hiyo pia ilikuwa ya kwanza kuwasilishwa na Kenya kuwania tuzo ya Oscar ya filamu bora ya lugha ya kigeni. Nayataja haya ili msomaji ajue kwamba kazi tunayoizungumzia haikupita kimyakimya. Ilitazamwa, ikasifiwa, na wengi wetu tukajivunia.

Kwa manufaa ya asiyeitazama, muhtasari wake ni huu. Mwas ni kijana wa kijijini anayeuza kanda za filamu za kigeni, na huwavutia wateja kwa kuwaigizia matukio yaliyomo. Ndoto yake ni kuwa mwigizaji. Kundi la waigizaji kutoka Nairobi linapofika katika mji wa karibu, mmoja wao anamwahidi nafasi kwa malipo ya shilingi 1,000. Mwas anatoa 500 na kuambiwa azipeleke nyingine Nairobi. Anaaga nyumbani, anapokea mzigo wa vifaa vya redio kutoka kwa binamu yake ambaye ni jambazi, na siku ile ile ya kwanza mjini ananyang'anywa kila kitu. Anakamatwa, anatiwa rumande, anasafishishwa choo, na humo ndani anakutana na Oti, kiongozi wa genge dogo linaloishi kwa kuiba vipuri vya magari. Baada ya hapo Mwas anaishi maisha mawili. Mchana anafanya mazoezi ya tamthilia, usiku yumo gengeni. Wizi wa vipuri unakua na kuwa wizi wa magari yenyewe, polisi wanaopaswa kuuzuia wanadai fungu lao, na mwishowe damu inamwagika. Mwas anaponea chupuchupu na kufika jukwaani, ambako anaigiza na kupigiwa makofi.

Niliitazama kwa mara ya kwanza katika mwaka huo wa 2012, hapa Westlands ninakoishi. Kwa wasiokujua, Westlands ni kiungo baina ya katikati ya jiji na vitongoji vya magharibi. Ukitoka jijini, unapita Museum Hill na Chiromo, na mara unajikuta kati ya majumba ya ofisi, mabenki, mahoteli na maduka makubwa, likiwamo Sarit Centre lililofunguliwa mwaka 1983. Ukiendelea na barabara ya Waiyaki bila kukata kona, baada ya kilomita chache unafika Kangemi, ambako nyumba ni za mabati na maji hununuliwa kwa mitungi. Asubuhi watu wa Kangemi huteremka kwa miguu kuja kulinda, kufagia na kupika Westlands. Jioni hupanda kurudi kwao. Huhitaji nadharia ya Kimaksi ili kuiona barabara hiyo, ingawa nadharia husaidia.

Ukumbi ulijaa. Tulicheka sana, hasa pale vijana wale walipokuwa wakichomoa vipuri vya magari kwa wepesi wa kuchuma maembe. Filamu ilipokwisha tulipiga makofi, kisha tukashuka kwenye maegesho ya magari. Hapo nikaona jambo ambalo nililichukulia kuwa kichekesho cha ziada. Watu walikuwa wakiyazunguka magari yao wakivikagua vioo vya pembeni. Wengine walivigusa. Mimi pia, mwenye gari kuukuu ambalo mwizi wa heshima asingelijali, nilikigusa kioo changu, nikahakikisha kwamba namba ya usajili niliyoichoresha juu yake bado ipo. Tulitazamana, tukacheka tena, tukaenda zetu.

Usiku ule sikujiuliza kwa nini watu waliokuwa wametoka kumlilia Mwas walikwenda moja kwa moja kujilinda dhidi yake. Ilinichukua miaka kumi kujiuliza, na hata hapo sikujiuliza mwenyewe, niliulizwa.

Nianze na mazoea yetu. Katika fasihi ya Kiswahili hadithi ya uhalifu ina historia ndefu na ya fahari. Muhammed Said Abdulla alituletea Bwana Msa katika Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960. Faraji Katalambulla akafuatia na Simu ya Kifo mwaka 1965. Na Elvis Musiba akatupa Willy Gamba katika miaka ya 1970. Kazi hizi zinatofautiana kwa mengi, lakini zote zinamtegemea mtu mmoja ambaye akili au ujasiri wake unatuhakikishia kwamba fumbo litafumbuliwa na mkosaji atajulikana. Kando ya mkondo huo upo mwingine wa riwaya za kijana anayepotoka, ambamo Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi (1971) na Utengano ya Said Ahmed Mohamed (1980) zimekuwa nguzo za silabasi zetu. Kezilahabi haridhiki kumlaumu Rosa peke yake, maana ukali wa Zakaria, baba mzazi, umo ndani ya kila hatua ya anguko lake. Hata hivyo sisi walimu, tunapofika darasani na saa moja ya kufundishia na mtihani mbele yetu, aghalabu huikamua riwaya mpaka tupate tone la funzo: tamaa mbele, mauti nyuma, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mwanafunzi huliandika tone hilo katika daftari, na riwaya yenyewe hubaki pale mezani kama muwa uliokwisha kutafunwa.

Nilipoamua, mwaka 2019, kuifundisha Nairobi Half Life katika kozi ya fasihi linganishi, niliingia nayo darasani na kikamulio hicho hicho. Niliipangia filamu ile ngazi tatu: tamaa ya Mwas, kupotoka kwa Mwas, adhabu ya Mwas. Kwamba Mwas haadhibiwi, bali anapigiwa makofi, nililieleza kuwa ni kejeli ya mwongozaji. Kwamba katika filamu hii hakuna Bwana Msa, na walio na bastola na vyeo vya serikali ndio wauaji, nililipitia haraka kama suala la mandhari ya kisiasa. Kuhusu lugha nilisema zaidi, kwa kuwa hapo ndipo nilipojiona mtaalamu. Filamu hii inachanganya Kiswahili, Sheng, Kikuyu na Kiingereza, nami nilitumia takriban nusu ya mhadhara nikieleza jinsi kijana anavyopoteza asili yake kadiri anavyoipoteza lugha ya nyumbani. Nakumbuka nilitumia methali ya mwacha asili ni mtumwa. Nakumbuka pia kwamba wanafunzi waliiandika.

Ili kuipa filamu jamaa wa karibu katika fasihi, niliilinganisha na My Life in Crime ya John Kiriamiti, iliyotolewa mwaka 1984. Kiriamiti aliingia shule ya Prince of Wales mwaka 1965 na kufukuzwa mwaka huo huo kwa kuhesabiwa miongoni mwa viongozi wa mgomo wa wanafunzi. Shule hiyo ndiyo Nairobi School ya leo, nayo iko papa hapa kwenye barabara ya Waiyaki. Januari 1971 alihukumiwa kifungo cha miaka 20 kwa wizi wa mabavu, na kitabu kilichomfanya maarufu kilitoka kabla hajaachiliwa Agosti 1984. Darasani nilimtumia Kiriamiti kuthibitisha hoja yangu: mwanafunzi mwenye kipaji anaiacha njia, anaadhibiwa, anatubu, anaandika. Sikuona kwamba mfano huo ulikuwa ukiniumbua. Kiriamiti hakuokolewa na funzo. Kilichomfikisha kwetu ni ufundi wa kusimulia, na alichotusimulia, na ambacho wasomaji wa Kenya wamekinunua kwa miongo minne, ni wizi. Sisi ndio soko lake. Hilo halimpunguzii chochote yeye. Linatuuliza sisi jambo ambalo hatulipendi.

Katika darasa lile alikuwamo kijana mmoja ambaye nitamwita mwanafunzi wangu tu. Alikuwa mkimya, mwenye mwandiko mdogo uliosimama wima, na alikuja chuoni akiwa na nia moja ambayo hakuificha: alitaka kuandika tamthilia. Mara mbili aliniletea kazi zake, nami mara zote mbili nilimwambia asubiri amalize shahada kwanza. Insha yake kuhusu Nairobi Half Life ilikuwa na kurasa sita. Niliisoma usiku, pamoja na nyingine zaidi ya sabini, nikampa alama 13 kati ya 30, na pambizoni nikaandika kwa kalamu nyekundu: "Funzo liko wapi? Tamaa je?"

Alikuja ofisini siku ya pili. Hakuja kubishania alama. Alisimama mlangoni, akasema, "Shikamoo, Mwalimu," akangoja nimwitikie, kisha akasema alikuwa na swali moja tu.

"Ile tamthilia ya Mwas ilikwisha usiku, watu wakampigia makofi," alisema. "Jumatatu asubuhi angekula nini?"

Nilimjibu kwamba swali hilo liko nje ya matini. Hilo, msomaji, ni jibu ambalo sisi wahakiki tunaruhusiwa kulitoa. Linafundishwa katika vitabu, na linaweza kutetewa mbele ya jopo lolote. Mhusika hana maisha baada ya ukurasa wa mwisho. Mwanafunzi wangu alitikisa kichwa kana kwamba amenielewa, akashukuru, akaondoka. Mwaka uliofuata madarasa yalifungwa kwa sababu ya korona, na yalipofunguliwa hakurudi. Wenzake walisema ana deni la karo. Niliandika jina lake katika orodha ya wasioonekana, kama utaratibu unavyotaka.

Nilimwona tena mwishoni mwa mwaka 2022. Ile barabara ya juu inayotoka Mlolongo ilikuwa imeanza kutumika mwaka huo, na chini yake Westlands ya usiku ilikuwa imerudi kwa kishindo baada ya amri za kutotoka nje kuondolewa. Nilikuwa nikitembea kwenye barabara ya Mpaka kuelekea nyumbani, muda wa saa nne hivi, pale ambapo muziki wa kilabu kimoja hauishi kabla ya muziki wa kingine kuanza. Kijana aliyeegemea ukuta alijiondoa ukutani na kusimama wima.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Kumbe uko hapa? Hujambo?"

"Sijambo, Mwalimu. Nyumbani hawajambo? Bado mnafundisha ile kozi ya linganishi?"

Kiswahili chake kilikuwa kile kile cha darasani, chenye upatanisho kamili wa kisarufi, na nikajisikia kufurahi kipumbavu, kama mwalimu anayesikia kazi yake imedumu. Kabla sijajibu, gari moja lilipunguza mwendo na kioo chake kikateremshwa. Mwanafunzi wangu akasema, "Samahani kidogo, Mwalimu," akageuka. Mabega yake yalishuka. Mwendo wake ulibadilika. Akaliinamia dirisha la gari akazungumza Sheng ambayo sikuielewa hata nusu, kwa sauti nzito isiyokuwa yake, akacheka kicheko kisichokuwa chake. Mkono ukaingia mfukoni, ukaingia garini, ukarudi. Haikuchukua dakika moja. Gari liliondoka, naye akanirudia, mabega yakiwa yamepanda tena mahali pake.

Sikumuuliza alikuwa akiuza nini. Aliniambia mwenyewe, kwa utulivu, kama mtu anayetoa muhtasari. Alipokosa karo alitafuta kazi ya uandalizi katika mkahawa. Mkahawa ulipofungwa wakati wa korona, mtu mmoja alimpa vipakiti vichache auze na kulipa baadaye. Tangu siku hiyo hakuwahi kuwa bila deni. Kikipotea kipakiti, ni deni. Wakija wenye kudai chao ili wasimwone, ni deni. Aliyempa mzigo hamjui kwa jina, wala hamjui aliye juu ya huyo. Alisema alikusudia kufanya hivyo kwa muhula mmoja tu, mpaka apate karo.

"Na uandishi?" nilimuuliza, kwa kuwa sikuwa na swali jingine.

Akatabasamu. "Huku naigiza tu, Mwalimu. Kuandika nitaandika."

Nilimpa shilingi 1,000. Alizipokea kwa mikono miwili, kwa adabu, kama mtu anayepokea kitu ili asimwaibishe mtoaji. Nilipofika nyumbani ndipo nilipokumbuka kwamba katika filamu kiasi hicho hicho ndicho kiingilio alichoitishwa Mwas na mwigizaji wa mjini.

Usiku huo niliitafuta insha yake. Sisi wahadhiri hatutupi makaratasi kwa wakati, na kwa mara ya kwanza uzembe huo ulinifaa. Nikaisoma kama nilivyopaswa kuisoma miaka mitatu nyuma, yaani polepole, na bila kuitafutia funzo.

Hoja yake ilikuwa wazi. Aliandika kwamba Mwas hana maisha mawili, kama sote tunavyosema. Ana kazi moja, nayo ni kuigiza, na kazi hiyo anaiuza katika masoko matatu. Kijijini anaigiza ili auze kanda. Gengeni anaigiza ushupavu ili awe mmoja wao. Jukwaani anaigiza mhalifu mbele ya watu waliolipa ili wamwone mhalifu. Kwa hiyo, aliandika, genge si upande wa pili wa ndoto ya Mwas. Genge ni chuo chake cha uigizaji, na ndilo lililomfadhili. Jukwaa lilimpa makofi, genge lilimpa chakula, na bila chakula asingefika kwenye makofi. Kuhusu lugha aliandika aya moja tu, lakini iliubomoa mhadhara wangu mzima. Alisema kwamba Mwas hapotezi lugha yoyote. Anavaa kila lugha kwa ajili ya mnunuzi wake, kama mchuuzi anavyobadilisha bei. Nilipoisoma aya hiyo niliyakumbuka mabega yaliyoshuka na kupanda tena kwenye barabara ya Mpaka.

Ukurasa wa mwisho ulihusu hadhira. Aliuliza kwa nini filamu inaishia ndani ya ukumbi wa tamthilia, mbele ya watu waliovaa vizuri, ambao hawajui kwamba majeraha ya mwigizaji ni ya kweli. Jibu lake lilikuwa kwamba sisi watazamaji wa filamu ndio watu hao. Tumelipa, tumeguswa, tumepiga makofi, na hatutaki kujua damu imetoka wapi. Akamalizia kwa lile swali la Jumatatu. Kwa hiyo swali halikuwa nje ya matini kama nilivyomjibu. Ndilo lililokuwa hitimisho la hoja yake, nami nililipitia kwa kalamu nyekundu.

Hapa nataka kuwa mwangalifu. Sisemi kwamba ningempa alama 25 asingeuza dawa za kulevya. Hiyo ingekuwa hadithi nyingine yenye funzo, na ningekuwa nimeirudia ile ile njia. Alama hazilipi karo. Wala sisemi kwamba alichokifanya hakina ubaya. Walionunua kutoka kwake ni watoto wa watu, na baadhi yao huenda ni wanafunzi wangu pia. Sheria ya Kenya ya mwaka 1994 kuhusu dawa za kulevya iliweka kwa biashara hiyo adhabu inayoweza kufika kifungo cha maisha, na hakimu hatauliza kama mshtakiwa anajua kutunga tamthilia. Ninachosema ni kwamba nilikuwa na kijana mbele yangu aliyenieleza, kwa kurasa sita na kwa hoja zilizopangika, jinsi mtu mwenye ndoto anavyoingia katika biashara ya namna hiyo bila kuacha kuwa mwenye ndoto. Mimi nilimtaka aniandikie neno tamaa.

Neno hilo linatufaa kwa sababu linalifunga jambo. Hadithi yenye tamaa ina mkosaji mmoja, na mkosaji akiisha kujulikana msomaji anaweza kulala. Magazeti yetu nayo hupenda umbo hilo. Ndugu wawili wa Mombasa, Baktash na Ibrahim Akasha, walipopelekwa Marekani Januari 2017, wakakiri makosa mwaka 2018, kisha mmoja akahukumiwa miaka 25 Agosti 2019 na mwingine miaka 23 Januari 2020, tulipata kisa kilichokamilika. Kilikuwa na majina, na kesi, na hukumu. Kisa hicho ni cha kweli na kilihitaji kusimuliwa. Lakini kijana wa barabara ya Mpaka hamo ndani yake. Yeye yumo katika kisa kisichokuwa na kilele, kinachosogea kwa deni dogo dogo, na ambacho mnunuzi wake hutokea garini, akateremsha kioo, akapandisha, akaenda kulala salama.

Nadhani Gitonga aliliona hilo, na ndiyo maana alikataa kutupa Bwana Msa. Mpelelezi angetuondoa ukumbini tukiwa tumetulia. Badala yake alituondoa tukiwa tumeguswa, tukaenda moja kwa moja kuvigusa vioo vyetu. Leo naiona ishara ile ya maegesho kuwa ni uhakiki wa kwanza wa filamu kuliko wote, nao ulikuwa wa kweli kuliko mhadhara wangu. Tulikiri kwa vidole kwamba tunajua Mwas ni nani, anaishi wapi na anataka nini. Kichwani tulikuwa bado tunamlilia kijana wa sinema.

Kioo cha pembeni, isitoshe, hakikuwekwa garini ili kilindwe. Kiliwekwa ili dereva amwone anayemfuata nyuma yake. Sijui kama mwongozaji alilikusudia hilo, na sitamtwisha mzigo wa ishara ambao hakuuomba. Ila mimi binafsi siwezi tena kuyatazama matukio yale ya wizi bila kufikiri kwamba vijana wa Oti wanauza tena kwetu, kupitia maduka ya vipuri, uwezo wa kuwaona wao.

Nilifanya yale machache niliyoweza. Niliuliza chuoni kuhusu utaratibu wa kumrudisha. Nikaambiwa, kwa haki, kwamba ni lazima mwanafunzi aje mwenyewe, na deni lake nikatajiwa. Wenzangu wawili walikubali tuchange sehemu yake. Nilipiga nambari ya simu iliyokuwa katika faili yake, haikupatikana. Nilirudi barabara ya Mpaka usiku wa Ijumaa mbili mfululizo, mwalimu wa makamo aliyevaa sweta, nikitazamwa kwa mashaka na walinzi. Ukutani palikuwa na kijana mwingine. Nilipomkaribia aliniinamia kidogo, akanizungumzia kwa Sheng, akidhani mimi ni mteja. Sikujua nimjibu kwa lugha gani.

Kozi ile naifundisha bado, na filamu ile imo. Nimeacha kuanza na ngazi tatu. Baada ya kuitazama, nawaandikia wanafunzi ubaoni swali moja, bila kuwaambia limetoka kwa nani: Jumatatu asubuhi Mwas atakula nini? Mara ya kwanza nilipofanya hivyo palikuwa na kimya kirefu, nami nikadhani nimekosea. Kisha msichana mmoja wa safu ya nyuma akanyoosha mkono, akaanza kuhesabu kodi ya chumba, nauli ya matatu na malipo ya mwigizaji chipukizi, akifuatisha ushahidi wa filamu tukio kwa tukio. Wengine wakamsahihisha. Mmoja akasema hesabu hiyo haijakamilika bila bei ya tiketi ya ukumbi, akauliza nani anaweza kuilipa. Tulizungumza kwa saa mbili. Hakuna aliyelitaja funzo, na sijawahi kuwa na darasa lililoisoma matini kwa makini kuliko lile.

Wapo wenzangu katika idara watakaosema kwamba huo ni uchumi, si uhakiki wa fasihi. Nawaelewa, kwa kuwa nami nilikuwa mmoja wao, na nilikuwa na jibu la vitabuni. Ombi langu kwao ni dogo. Kabla ya kuandika pambizoni kwamba funzo halipo, na wamuulize mwandishi wa insha amelitoa wapi swali lake. Mimi sikuuliza. Insha ile ya kurasa sita bado iko katika droo yangu, na juu yake, kando ya ile 13, nimeandika alama nyingine kwa kalamu ya kawaida. Haina rejista ya kuandikwa. Naiweka kwa matumaini kwamba mwenyewe atakuja kuichukua, na kwamba siku hiyo nitakuwa na muda wa kuisoma ile tamthilia.